Kikaango Kisichoshika Hata Ushahidi

Ukitaka siri yako ifike kaburini salama, nipe mimi. Sina mpinzani kwa kufunga mdomo. Ndiyo maana kila wiki naiandika gazetini.

Wala msihangaike kwamba mkwe wangu atasoma. Kwake gazeti ni kitu cha kutandika sakafuni mteja akipakwa rangi ya nywele. Juzi nilimkuta amesimama juu ya aya yangu nzuri kuliko zote, anachuruzisha rangi nyekundu, anaimba.

Kwa mliochelewa kufika: naishi kwa mwanangu wa kiume, fundi wa redio na televisheni. Mke wake ni msusi, na chumba cha mbele ndiyo saluni yake. Mimi namwita Kucha. Mkiziona hizo kucha hamtaniuliza kwa nini. Binti yangu mkubwa ni askari magereza. Yeye tunamwita Sajini, na mume wake pia anamwita hivyo, tena akiwa amesimama wima.

Niliwaacha pale Kucha alipokileta mezani kikaango chetu cha nonstiki, kile cheusi ambacho yai linateleza lenyewe. Ndani kilikuwa kimechubuka kama goti la mtoto. Akamwambia mume wake, "Muulize mama yako."

Niliulizwa. Nikakana. Na safari hii, jamani, nilikuwa nakana kweli! Ndicho kilichoniuma. Uongo wangu wote huwa unapita bila kukaguliwa. Siku nimesema ukweli, nikazuiwa mlangoni.

"Mama, nani mwingine nyumba hii anasugua vyombo kwa waya?" mwanangu akauliza.

"Nasugua masufuria, baba. Hicho nakiosha kwa sponji, kama ninayemwosha uso mtoto mchanga."

"Hizi alama ni za kisu," akasema, akipitisha kidole.

"Si ndiyo," Kucha akadakia. "Mama anakatia vitunguu humohumo kikaangoni. Nimemwona kwa macho yangu."

"Macho yapi, mwanangu? Hayo uliyoyabandikia kope mpaka huoni mlango?"

"Mama!" akasema mwanangu.

Basi nikavuta kikombe changu cha chai. Lakini nilikuwa najua. Siku mbili tatu kabla ya hapo nilikuwa nimekuta sisimizi wamejipanga kwenye mpini wa kile kikaango, wanaingia na kutoka kama wana kikao. Sisimizi hawafuati mayai. Sisimizi wanafuata sukari.

Na nani anachemsha sukari nyumba hii? Kucha. Anaichemsha na ndimu mpaka inakuwa nta nzito, anawapaka wateja kwapani na miguuni, anabandika kitambaa, halafu anakivuta kwa nguvu. Manyoya yanatoka, na mteja anataja majina ya ndugu zake wote waliokufa. Mwanangu alishampiga marufuku kupikia nta hiyo kwenye chombo cha chakula.

"Makwapa ya watu na mayai yangu hayakai moto mmoja," alimwambia. "Siku nikikuta hivyo, saluni naifunga."

Kwa hiyo Kucha alikuwa na kikopo chake, kopo la maziwa ya unga. Tatizo la kopo ni kwamba sukari inaungua, inashika chini, inanuka. Kwenye nonstiki inateleza yenyewe. Shetani akamwonyesha kikaango. Ilipomgandia siku moja, akaikwangua kwa kisu. Mimi ndiye niliyepewa kesi.

"Sisimizi, baba," nikamwambia mwanangu. "Jiulize wamefuata nini."

"Mama, sisimizi wako kila mahali."

Mnaona? Nimesomesha fundi wa kutengeneza televisheni, kusikiliza mama yake hajasomeshwa.

Niseme na hili ili niwe nimesafika. Mle kikaangoni ile rangi nyeusi ilikuwa inabanduka vipandevipande kwenye mayai. Sahani ya mwanangu nilikuwa naichambua. Ya Kucha nilikuwa nampa kama ilivyo. Aliuliza, nikamwambia ni pilipili manga. Akasema, "Mama leo umejitahidi."

Sasa sikilizeni hukumu ya fundi.

"Redio ikikoroma," mwanangu akasema, "huwezi kuilaumu redio nzima. Unatoa kifaa kimoja, unasikiliza."

"Na kifaa kinachotolewa ni mimi?"

"Tunanunua kikaango kipya. Wewe, Mama, hukigusi. Hata kukisogeza. Kikichubuka, tumejua si wewe, na nitakuomba radhi kwa magoti. Kikikaa kizima mpaka Dada arudi kutoka mafunzoni, tumejua ni wewe. Atapita na gari akuchukue, ukakae kwake."

Nilishika meza.

Hamjui kwa Sajini. Kule kitanda kinakaguliwa. Chai haina sukari, mboga haina chumvi, na mtu akicheka anaulizwa anacheka nini. Redio inafunguliwa wakati wa taarifa ya habari tu. Jiko limefungwa kwa kufuli na ufunguo anauvaa shingoni. Ukiniweka pale, umenizika na macho yangu wazi.

"Nimekubali," nikasema, kwa sababu Kucha alikuwa anatabasamu.

Dukani tulitumwa wote wawili, asije mtu akasema kikaango kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Muuza vyombo alikuwa mnene, mchangamfu, anapiga masufuria kwa kalamu kama mpiga ngoma.

Kucha akaenda moja kwa moja kwenye kimoja chekundu, kina maua pembeni na mfuniko wa kioo. "Hiki," akasema.

Nikakinyanyua kwa kidole kimoja. "Hiki ni kikaango au ni kofia?"

Muuza vyombo akacheka. "Bibi anajua. Dada, hicho nakuuzia ukitaka, mimi nina watoto wa kulisha. Lakini ni chepesi. Moto ukipanda kinapinda, katikati kinaungua na pembeni yai bichi. Rangi ya maua ndiyo unayolipia."

Akashusha kingine, cheusi, kibaya cha sura kama mjomba wangu. Kizito. Bei yake ilikuwa chini ya kile cha maua.

"Kilaze juu ya kioo cha kaunta," akaniambia. "Kizungushe."

Nikakizungusha. Kilikaa kimya, hakikuyumba. Kile cha maua tulipokizungusha kilicheza kama mlevi.

"Umeona? Kitako kikiwa bapa, moto unaenea. Sasa angalia mpini. Huu umepigwa ribiti, hautoki. Ule wa mwenzake una skrubu moja. Siku moja utabaki na mpini mkononi, na mafuta miguuni. Pitisha kidole ndani. Kuna kijivimbe? Hakuna. Kuna sehemu rangi imekuwa nyembamba? Hakuna. Chukueni hicho."

"Hakina mfuniko," Kucha akasema, mdomo umevimba.

"Funika na sahani, dada. Yai halina macho."

Nilimpenda yule mwanamume hapohapo. Laiti ningekuwa na meno.

Akatusomea masharti huku anafunga kwenye karatasi. Moto mdogo au wa wastani. Usikibandike kitupu kikaungua. Mwiko wa mbao, kamwe si kijiko cha chuma wala kisu. Ukimaliza, kiache kipoe kwanza, usikimwagie maji ya baridi kingali kinafuka. Sponji laini na sabuni, waya hapana. Ukikiweka chini ya vyombo vingine, weka kitambaa katikati.

"Na kikishachubuka?" nikauliza, jicho kwa Kucha.

"Kitupe, bibi. Kikishaanza kubanduka kimeshaacha kazi. Ndani yake panda maua."

"Umesikia, mwanangu?" nikamwambia Kucha. "Maua yako utayapata."

Tukarudi nyumbani bila kusemeshana. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Kucha alikuwa mjanja kuliko nilivyomdhania.

Aliacha dhambi! Kikaango kile alikitunza kama amana ya msikitini. Moto mdogo, mwiko wa mbao, sponji. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akakilaza kabatini peke yake. Nta akawa anapikia kwenye kikopo chake, barazani, mbele ya kila mtu, moshi unamtoa machozi, anavumilia. Kila jioni anakifungua kitambaa mbele ya mume wake.

"Angalia, mume wangu. Kinang'aa."

"Mama, umekigusa?"

"Sijakigusa, baba." Na ilikuwa kweli. Wiki hiyo nilisema kweli mpaka kichwa kikaniuma.

Sajini akapiga simu. "Mama, kitanda chako kiko tayari. Usije na yale mapipi. Kwangu hakuna peremende."

"Mwanangu, kwani mimi ni mfungwa?"

"Mfungwa anaruhusiwa mizigo miwili. Wewe njoo na mmoja."

Kucha alisikia. Akaingia chumbani kwangu, akaanza kupima dirisha kwa utepe wake wa nywele. "Mama, ukishaenda, hapa nitaweka kiti cha kuoshea nywele. Mwanga ni mzuri."

"Unapima wakati nimelala humu?"

"Lala tu, Mama. Nazunguka."

Akanipima na mimi, nusura. Hapo ndipo nikasema moyoni: wewe mtoto, umenikumbusha mimi ni nani.

Fikra zangu zilikuwa hizi. Kesho yake Sajini anakuja. Asubuhi hiyohiyo Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani ana miadi na Kucha. Ana harusi ya mdogo wake, gauni halina mikono, makwapa lazima yatoke msitu yawe uwanja. Kucha atahitaji nta nyingi, tena haraka. Kikopo kikipotea, atafanya nini?

Kikopo kikapotea. Kiko ndani ya spika mbovu ya mwanangu mpaka leo ninapoandika.

Lakini nikakaa kitandani nikawaza zaidi. Akipikia kwenye kikaango kwa mwiko wa mbao, nta itateleza yote, atakipangusa, na hakuna atakayejua. Ndiyo uzuri wa kikaango kizuri, na ndiyo ubaya wake. Hakishiki yai, hakishiki nta, hakishiki hata ushahidi. Nilihitaji kitu ambacho hakitanyamaza.

Asubuhi hiyo, Kucha alipotoka kwenda kununua ndimu, na mwanangu yuko barazani kichwa ndani ya televisheni ya mtu, nikafungua kitambaa cheupe.

Nilikaanga pilipili. Zile ndogo, kali, ambazo hata mkono uliozishika hauwezi kujikuna. Nilizikaanga kwenye mafuta kidogo, madirisha yote wazi, mpaka paka akahama nyumba. Nikamwaga pilipili, nikakipangusa kikaango kwa kitambaa kikavu, polepole, ule unyevu ubaki. Moto ulikuwa mdogo, mwiko wa mbao. Mimi si mshenzi wa vyombo.

Nikagusa kwa ncha ya kidole, nikalamba. Masikio yalilia.

Nikakifunga kitambaa kama alivyokifunga yeye, kifundo upande wa kushoto, nikaenda kukaa sebuleni na mizani ya moyo wangu imetulia.

"Mama," Kucha akaja, "hujaona kikopo changu?"

"Kikopo kipi, mwanangu?"

"Cha nta. Kilikuwa hapa."

"Macho yangu haya? Mimi sasa hivi naona vitu vikubwa tu. Kitanda. Gari la Sajini."

Akatafuta chini ya sinki, nyuma ya ndoo, juu ya kabati. Mwalimu Mkuu akaita kutoka chumba cha mbele, sauti ya paredi: "Binti! Mimi sina asubuhi nzima!"

"Nakuja, Mwalimu!"

Akasimama katikati ya jiko. Akanitazama. Nikafumba macho, nikakoroma kidogo. Nikasikia mlango wa kabati.

Nta ilipoiva, harufu ya sukari na ndimu ilijaa nyumba. Alipita mbele yangu na kikaango amekifunika kwa kanga, anatembea kwa vidole. Nilikoroma vizuri sana. Ningelipwa kwa kukoroma kule.

Halafu ile sauti ya kitambaa kinavutwa, chwaa!

"Aah," akasema Mwalimu Mkuu. Kawaida.

Chwaa!

"Aah. Binti. Mbona… Binti? Binti! BINTI!"

Watoto wa mtaa mzima walisimama wima, nadhani, maana wanaijua sauti ile.

Mwalimu Mkuu alitoka chumba cha mbele na mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, kanga ya saluni imefungwa kifuani, machozi yanamtiririka. Mwanangu alitupa chuma cha kulehemu akaingia mbio.

"Naungua! Mwanamke huyu amenipaka nini? Naungua!"

"Ni ngozi yako tu, Mwalimu, ni laini," Kucha akasema, anamfuata na taulo. "Itatulia."

"Ngozi yangu ina umri mkubwa kuliko saluni yako! Naungua nakwambia!"

"Nta umepikia kwenye nini?" mwanangu akamuuliza mke wake.

"Kwenye kikopo changu."

Nilifumbua macho, kwa usingizi mwingi. "Kikopo kipi, mwanangu? Si uliniambia kimepotea?"

Kucha akanigeukia. Laiti kucha zile zingefika.

"Kikopo?" Mwalimu Mkuu akabweka. "Ameniletea kikaango! Kikaango cheusi, anachota kwa mwiko kama anayepakua!"

Mwanangu akaingia chumba cha mbele. Akatoka nacho mkononi. Nta ilikuwa bado imo, ya dhahabu, nzuri, haijashika popote. Kweli muuza vyombo alituuzia mali.

"Sijakichubua," Kucha akasema haraka. "Mume wangu, angalia, hakina hata mkwaruzo."

"Hiki hakina," mwanangu akasema. "Na kile cha kwanza?"

Kucha akaanza kukunja taulo.

"Nakuuliza. Kile cha kwanza, kilichubuliwa na nani?"

"Ilikuwa imeganda," akasema, na machozi yakaanza kubandua zile kope. "Mteja alikuwa anasubiri. Kisu kilikuwa karibu. Nilifikiri haitaonekana…"

"Ukamsingizia mama yangu."

"Nilijua ungeifunga saluni."

"Naifunga. Kashushe kibao."

Alienda kushusha kibao. Nilisikia anakikwangua ukutani, analia kwa kwikwi, na naapa sijawahi kusikia muziki mtamu vile hata kwenye redio za mwanangu.

Mwanangu akachukua simu, akabonyeza spika, akampigia dada yake. "Dada, usije. Mama hana kosa. Tulimwonea."

"Una uhakika?" ikasema sauti ya Sajini. "Nimeshawasha gari."

"Nina uhakika. Nimemkamata mwenye kosa na kikaango mkononi."

Akaiweka simu mezani, akapiga magoti mbele yangu. Mwanaume mzima, na mvi zimeanza.

"Nisamehe, Mama. Umekaa wiki nzima hukukigusa, umevumilia, na mimi nilikuwa nakushuku."

Niliinua kidevu. Nikaweka mkono wangu kichwani pake. Nikatulia kama picha ya ukutani. "Inuka, baba," nikasema. "Mama hana kinyongo."

Na hapo ningenyamaza, mimi mtunza siri mkubwa, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Kucha alikuwa amerudi na beseni la maji na kitambaa, anataka kumpoza Mwalimu Mkuu, ambaye bado alikuwa amesimama na mikono juu, anajipepea kwa viwiko. Alichovya kitambaa. Nikaona anavyofanya ujinga, na mimi ujinga wa mtu mwingine hauniruhusu kukaa kimya.

"We mtoto, maji hapana!" nikamkaripia. "Maji yanaisambaza pilipili. Mletee maziwa!"

Kitambaa kikabaki hewani, kinadondosha.

Mwalimu Mkuu akashusha mkono mmoja, polepole. "Pilipili?"

"Mama," akasema mwanangu. Alikuwa bado hajainuka vizuri, goti moja liko chini. "Pilipili gani?"

"Nimesema pilipili? Nilisema kama pilipili. Inavyowasha. Mtu si anaongea tu."

Kucha akaweka beseni chini. Akakisogelea kikaango, akachota nta ukingoni kwa ukucha mmoja mrefu, akaupeleka ulimini. Akasubiri. Macho yakamjaa maji, pua ikamtiririka, na katikati ya machozi yale, jamani, akatabasamu.

"Mume wangu," akasema, sauti imekauka. "Onja."

Akaonja. Uso ulianza na sukari. Haukuishia na sukari.

Akanigeukia. "Mama, nimekuuliza kila jioni. Jana nimekuuliza. Ukaniapia kwa kaburi la baba. Kikaango hiki umekigusa, au hukukigusa?"

Nilifungua mdomo. Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hakikutoka kitu.

Kutoka mezani, ile simu ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata ikakohoa.

"Mama," ikasema sauti ya Sajini, na nyuma yake nikasikia injini ya gari, "jibu swali."